Korosho zimelipwa, mbona moyo hautulii? Maswali na majibu kuhusu furaha

Ukienda kutoa elimu ya afya huku kusini mwa Tanzania, maswali ya presha, kisukari na malaria yanaulizwa kwa sauti, mbele za watu. Maswali ya moyo yanakuja mwishoni, watu wakishaanza kunyanyuka, na mara nyingi yanaanza hivi: "Mimi siumwi, ila sina raha." Nimekusanya hapa yale yanayojirudia, kutoka kwa wakulima wa Tandahimba na Newala, akina mama wa kliniki, wazee wa Mikindani na vijana wa bodaboda wa Lindi mjini. Mengine nimeyafupisha, maana kuna mzee alianzia swali lake kwenye Operesheni Vijiji ya miaka ya sabini.

Furaha ni jambo la mtu na Mungu wake. Wataalamu wanaipimaje?

Wanaipima kwa kuuliza. Kipimo cha damu hakuna. Ila wanauliza maswali mawili yasiyofanana. La kwanza: jana ulicheka? Ulipata hasira, hofu, huzuni? Hapo wanatafuta hali ya moyo wa siku. La pili: fikiria ngazi yenye vidato kuanzia 0 hadi 10, juu kabisa ni maisha bora kuliko yote unayoweza kuyapata, chini kabisa ni mabaya kuliko yote. Wewe umesimama cha ngapi? Hapo mtu anayapima maisha yake kwa jumla.

Ripoti ya Furaha Duniani, inayotoka tangu mwaka 2012, inapanga nchi kwa kutumia ngazi hiyo. Finland inaongoza tangu 2018. Tanzania mwaka 2019 ilikuwa ya 153 kati ya nchi 156, na kila nikitaja namba hiyo watu wanakasirika: sisi tunaocheza ngoma mpaka alfajiri ndio hatuna furaha? Hasira hiyo ina haki kwa nusu. Ngazi haihesabu vicheko. Mtu anaweza kucheka kutwa nzima kijiweni na bado akajiweka kidato cha tatu, kwa sababu paa linavuja na michango ya shule haijalipwa. Yote mawili ni ya kweli kwa mtu yuleyule, siku ileile.

Nikilipwa fedha za korosho nakuwa na furaha kama wiki mbili hivi, halafu narudi nilipokuwa, wakati mwingine na hasira juu. Huku siyo kurogwa?

Hapana, mzee wangu. Ubongo wako unafanya kazi yake, na kazi yake mojawapo ni kuzoea.

Chukua pikipiki mpya. Wiki ya kwanza unaifuta kwa kitambaa kila jioni, usiku unatoka nje kuhakikisha ipo, ukipita sokoni unapunguza mwendo ili watu waione. Mwezi wa pili ni chombo cha kukupeleka shambani. Mwezi wa nne unasikia tu makelele ya mnyororo wake, na jicho limeshahamia kwenye ya jirani. Pikipiki ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba ubongo umeiingiza kwenye hesabu ya mambo ya kawaida, na mambo ya kawaida hayashangiliwi.

Mwaka 1978 mwanasaikolojia wa Marekani, Philip Brickman, na wenzake waliwahoji watu 22 walioshinda bahati nasibu huko Illinois. Hawakuonekana kuwa na furaha kuliko watu wa mitaa yao kwa kiasi cha maana, na vitu vidogo vya kila siku, kama kunywa chai asubuhi au kupiga soga na rafiki, vilikuwa vinawapa raha pungufu. Utafiti huu unanukuliwa sana, ila binafsi naunukuu kwa tahadhari, maana watu 22 ni wachache. Mwaka 2020 ulitoka mwingine wa Sweden wenye washindi wengi zaidi, ukaonyesha kwamba walioshinda fedha nyingi waliendelea kuridhika na maisha yao kwa zaidi ya miaka kumi. Lakini hata kwao, ile hali ya moyo wa kila siku ilibadilika kidogo tu. Kidato kinapanda, kicheko kinabaki palepale.

Kuna jambo la pili, nalo huku kwetu lina uzito kuliko hilo la kuzoea. Ni matarajio. Mtafiti Wolfram Schultz alichunguza ubongo wa nyani waliokuwa wakipewa matone ya juisi. Tone lilipokuja bila kutegemewa, seli zinazotoa kemikali iitwayo dopamini ziliamka kwa nguvu. Nyani alipozoea kwamba kuna ishara inayotangulia juisi, seli zikawa zinaamka kwenye ishara, na juisi yenyewe ilipofika hazikushtuka tena. Na siku ishara ilipotokea halafu juisi ikakosekana, seli zilitulia hata kuliko zinavyokuwa siku zote.

Sasa rudi kwenye AMCOS yenu, chama cha ushirika mnakouzia korosho. Mwezi wa tisa tetesi zinaanza: mwaka huu bei ya kilo itafika shilingi elfu nne. Unaisikia kwa kinyozi, unaisikia kwenye daladala, unaipangia matumizi. Furaha ya hiyo elfu nne umeshaila kabla gunia la kwanza halijafika ghalani. Siku ya mnada bei ikisoma 3,200, fedha ambayo miaka ya nyuma ungeipigia vigelegele, unarudi nyumbani umenuna na mkeo hajui kakukosea nini. Huo ndio uchawi wenyewe.

Nini kifanyike? Kwanza, bajeti ya nyumbani ipigwe kwa bei ya chini ya msimu uliopita, siyo ya tetesi. Ushauri huu unaonekana wa watu wa kilimo, lakini mimi nautoa kama ushauri wa afya ya akili. Pili, fungu la kwanza la malipo liondoe kero inayokugusa kila siku: deni la dukani linalokufanya upite njia ya nyuma, au maji yanayomfanya binti aamke saa kumi za usiku. Kero ya kila siku ikiondoka, unafuu wake unauona kila siku. Tatu, raha igawanye. Ed Diener na wenzake waliwahi kuonyesha kwamba kinachotambulisha mtu mwenye furaha ni kupata hisia nzuri mara nyingi, kuliko kuzipata kwa nguvu kubwa mara chache. Kwa hiyo pweza wa kula na watoto mwisho wa kila mwezi, Januari mpaka Agosti, ana faida kuliko Desemba moja ya kufuru ambayo Februari inafuatiwa na kuchimba ming'oko, mizizi ya porini, ili mle.

Kwa hiyo unasema pesa haileti furaha?

Sijasema, na anayesema hivyo mara nyingi ameshiba.

Nchini Kenya, eneo la Rarieda, kaya maskini zilipewa fedha taslimu bila masharti, na watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro wakafuatilia. Waliopokea walikula vizuri zaidi, waliridhika zaidi na maisha, na msongo ulipungua. Huko Tamil Nadu, India, wakulima wa miwa walipewa majaribio ya kufikiri mara mbili, kabla ya kuvuna wakiwa wamefilisika na baada ya kuvuna wakiwa na fedha. Utafiti ulitoka mwaka 2013: mkulima yuleyule alifanya vibaya zaidi kipindi cha ukata. Akili yake ilikuwa imejaa hesabu za madeni, nafasi ya kufikiria kingine ikawa ndogo.

Ukilijua hilo, kangomba utaitazama kwa jicho jingine. Mtu anauza korosho zikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mtoto anaumwa mwezi wa saba. Wengine humwita mjinga. Anachokosa siyo akili, ni nafasi ya kuitumia, na anayemwonya kuhusu kangomba bila kumwonyesha pa kupata shilingi elfu thelathini ya leo anapoteza muda wa wote wawili.

Kwa wenye nacho, hesabu ni nyingine. Daniel Kahneman na Angus Deaton waliandika mwaka 2010 kwamba Marekani, mtu akipita kipato fulani, hisia za kila siku haziongezeki tena. Mwaka 2023 Kahneman huyohuyo, pamoja na Matthew Killingsworth aliyempinga na Barbara Mellers aliyewasuluhisha, walikubaliana kwamba kwa watu wengi zinaendelea kuongezeka, isipokuwa kwa wale wasio na furaha kabisa: kwao huzuni inapungua mpaka kiwango fulani, halafu fedha inashindwa. Huyo wa mwisho ana jambo ambalo mnada hauwezi kulitatua. Inawezekana amefiwa, au ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni isiyoisha.

Mwezi wa kumi na moja ndugu wanajaa nyumbani. Mnasema kutoa kunaleta furaha, mbona mimi kunaniletea presha?

Swali zuri, na aliyeliuliza alipigiwa makofi.

Ni kweli kutoa kunafurahisha. Elizabeth Dunn na wenzake, mwaka 2008, waliwapa watu huko Kanada fedha kidogo asubuhi, wengine wakaambiwa wazitumie kwa mahitaji yao na wengine wazitumie kwa mtu mwingine. Jioni, waliotumia kwa wengine walikuwa na furaha zaidi, na kiasi cha fedha hakikuleta tofauti. Baadaye mwenzake Lara Aknin akakuta uhusiano huo kwenye takwimu za nchi 136, maskini na tajiri, na Uganda ikiwa mojawapo ya mahali walipofanya majaribio.

Lakini tafiti nyingine zimeonyesha sharti lake: utoe kwa hiari yako. Anayetoa kwa kulazimishwa hapati kitu, zaidi ya mfuko kupungua. Mjomba akija na begi, akakaa wiki, akataja ada ya mtoto wake mbele ya wageni ili usiweze kukataa, hapo hujatoa, umetozwa. Na kwa kuwa kwetu mjomba ana nafasi yake kubwa, kumkatalia kunauma pia.

Ninaowaona wakifanikiwa hufanya hivi: kabla malipo hayajaingia benki, mume na mke wanakaa na kutenga fungu la ndugu, wanaandika majina, na mtu anakwenda kulipeleka mwenyewe kabla hajaombwa. "Mjomba, shikamoo, nimekuletea hii, mwaka huu ndiyo tuliyojaaliwa." Anayepelekewa shilingi elfu ishirini mlangoni kwake anashukuru kuliko anayekamuliwa laki baada ya kuviziwa, na wewe unarudi umetembea kifua mbele.

Wengine wamezaliwa wachangamfu. Sisi wanuna-uso tufanyeje?

Kuna ukweli. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba kama theluthi moja au zaidi kidogo ya tofauti za furaha kati ya watu inahusiana na kurithi. Kinachobaki ni mazingira, watu ulionao na unachokifanya. Halafu mtu mkimya siyo lazima awe na huzuni. Wapo wavuvi wa Msimbati wanaoongea maneno kumi kwa siku na ukiwauliza ngazi wanakutajia cha nane.

Nimestaafu. Watoto wako Dar, mke wangu alitangulia mbele ya haki. Kutwa niko mimi na redio.

Baba, hili lako ndilo nalichukulia kwa uzito kuliko yote ya wazee, kabla hata ya presha unayokwenda kupimwa hospitali ya Ligula kila mwezi.

Chuo Kikuu cha Harvard kina utafiti ulioanza mwaka 1938, unaowafuatilia watu tangu ujanani mpaka uzeeni na sasa watoto wao. Walioanza nao walikuwa wanaume Wazungu wa Boston na jirani zake, kwa hiyo hauwezi kutuambia kila kitu kuhusu mzee wa Mikindani. Hata hivyo mkurugenzi wake, Robert Waldinger, anasema jambo lililo wazi: kuridhika na mahusiano yako ukiwa na miaka 50 kulitabiri afya ya miaka 80 vizuri kuliko kiwango cha mafuta kwenye damu. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walijumuisha tafiti 148, wakakuta kwamba watu wenye mahusiano imara walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa asilimia 50, ya kuwa hai mwisho wa kipindi cha utafiti. Upweke ni hatari ya kiafya, siyo deko.

Sasa, hatuna haja ya kukuundia kikundi. Jioni pale barazani bao linachezwa na kahawa inauzwa, na kuna kiti. Najua utasema hujisikii kwenda. Ndiyo maana nakuomba uende kabla hujajisikia. Katika matibabu ya sonona kuna njia inayoegemea hapohapo: mtu anapanga shughuli ndogo, anaifanya kwa saa aliyoipanga akiwa hana hamu, na hamu inakuja nyuma yake. Anayesubiri hamu itangulie husubiri sana. Nenda Jumatatu na Alhamisi baada ya Alasiri, ukae hata mchezo mmoja, ufungwe, urudi. Watakaokuona mara ya tatu ndio watakaokuulizia mara ya nne usipofika, na huko kuulizwa ndiko tunakokutafuta.

Na Dar upige wewe. Wazee wengi wanasubiri simu ya mtoto kama heshima yao. Piga, usiulize hela, uliza wamepika nini.

Watani wanatuchekesha msibani. Wengine sasa wanasema ni dhambi na ni kumvunjia marehemu heshima. Kiafya ikoje?

Ya dhambi nawaachia masheikh na mapadri. Kiafya nina ya kusema.

Asiyejua, huku mtani ana ruhusa zake. Maiti inatolewa, yeye analala njiani anadai apewe chochote ndipo ipite. Anavaa koti la marehemu na kutembea kama alivyokuwa akitembea, anakohoa kama alivyokuwa akikohoa, anamdai mjane sahani ya ugali wa muhogo aliyoahidiwa mwaka juzi. Mjane, aliyekuwa hajala siku mbili, anacheka huku anafuta machozi, na wanawake wanaomzunguka wanatumia nafasi hiyo kumpa uji.

Dacher Keltner na George Bonanno, kwenye utafiti uliotoka mwaka 1997, waliwarekodi watu waliofiwa na wenza wao miezi kadhaa nyuma, wakawa wanawatazama nyuso walipokuwa wakimzungumzia marehemu. Waliocheka kicheko cha kweli, kile kinachokunja mpaka pembe za macho, walikuwa na hasira na maumivu pungufu, na mahusiano yao na watu yalikuwa mazuri zaidi. Kicheko hakikuwa dalili ya kusahau. Huzuni huja kwa mawimbi, na katikati ya mawimbi mtu anahitaji kupumua.

Kwa hiyo msiufute utani kwa kuona aibu. Mchagueni mtani mwenye akili. Kuna msiba wa mzee wa miaka 80 na kuna wa mtoto aliyezama baharini, na mtani anayejua kazi yake kwenye huu wa pili anakaa kimya, anachota maji, anachimba kaburi.

Tunaambiwa tushukuru kila jambo. Nashukuru, lakini mume wangu ananipiga.

Dada yangu, hapo shukrani siyo dawa.

Kushukuru kuna faida, Robert Emmons na Michael McCullough walilionyesha mwaka 2003: watu walioandika kila wiki mambo ya kushukuru waliona maisha yao kuwa bora kuliko walioandika kero. Faida yenyewe ni ndogo hadi ya wastani, na ni kwa mtu ambaye maisha yake yako salama. Anayekuambia ushukuru huku jicho limevimba anakuziba mdomo. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na ukiwa na jeraha anzia hospitali.

Niongeze hapohapo kuhusu kujilazimisha. Iris Mauss na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba watu waliosomeshwa kwanza umuhimu mkubwa wa kuwa na furaha, kisha wakaonyeshwa filamu ya kufurahisha, waliifurahia kidogo kuliko wasiosomeshwa. Walikuwa wanajipima: mbona bado sijafurahi? Ukisimama kila saa kuukagua moyo, unauharibia kazi.

Vijana wangu wanabeti kutwa kwenye simu. Wanasema ndiyo raha yao.

Kinachowashika ni ile dopamini ya nyani wa Schultz: zawadi isiyotabirika. Kent Berridge, mtafiti wa ubongo, anatenganisha kutamani kitu na kukifurahia, maana njia zake kwenye ubongo ni tofauti, na kutamani kunaweza kukua wakati kufurahia kunapungua. Mtazame kijana anayebeti saa sita usiku: uso hauna furaha. Ana kiu tu. Kumnyang'anya simu hakusaidii sana. Fedha ya siku ipite M-Pesa ya mama au kibubu kabla giza halijaingia, na awe na mechi ya kucheza mwenyewe uwanjani jioni badala ya kuzihesabu za Ulaya.

Na uraka, pombe yetu ya mabibo ya korosho? Unaondoa mawazo.

Unayaahirisha. Pombe hupooza ubongo kwa saa chache, huharibu usingizi, na asubuhi yake wasiwasi unakuwa mkubwa kuliko wa jana. Gongo ya mabibo ni mbaya zaidi, kwa kuwa hakuna anayejua imebeba nini.

Nimejifungua, mtoto mzima, mume anajitahidi, lakini nalia tu. Mama mkwe anasema sina shukrani.

Umejifungua lini? Hilo ndilo swali langu la kwanza kila mara. Mama kulia-lia siku za mwanzo ni jambo la kawaida sana, na kwa wengi huisha ndani ya wiki mbili bila dawa. Ikizidi hapo, na ikawa karibu kila siku, kutwa karibu nzima, una huzuni au hakuna kinachokufurahisha, usingizi haupo hata mtoto akilala, chakula hakipiti, unajiona hufai, basi hiyo ni sonona, na ni ugonjwa unaotibika. Wiki mbili ndizo mstari hata kwa asiyejifungua. Na huku kwetu mara nyingi haijitambulishi kama huzuni: inakuja kama kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio, mwili kuwaka moto. Watu wanapimwa malaria mara tatu, inakuwa hakuna, wanarudi nyumbani na Panadol.

Mwambie muuguzi wa kliniki siku unayompeleka mtoto kupimwa uzito. Usiseme "sijisikii vizuri" ukaishia hapo. Sema: nalia kila siku, hii ni wiki ya nne. Zahanati ikishindwa itakupa rufaa, Mtwara ni Ligula, Lindi ni Sokoine. Dawa zipo, na yapo mazungumzo ya matibabu.

Wakwe nao wana kazi. Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha mabibi wa mtaa wa Mbare, Harare, kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Bibi anasikiliza kwanza, mpaka mwisho. Kisha wanachagua tatizo moja, moja tu, na hatua moja ya kulishughulikia mpaka wakutane tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na mabibi walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kusini tuna makungwi na masomo wanaoaminiwa na binti tangu alipokuwa mwali. Nawaambia wazi: mwali wako akijifungua, mtembelee wiki ya tatu, si siku ya sherehe tu, na ukifika usianze na nasaha. Muulize analala saa ngapi, halafu mshikie mtoto aoge.

Rafiki yangu hasemi anaumwa. Anasema amechoka kuishi. Nifanye nini leo?

Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii mtu wazo, mara nyingi linampa nafuu kwamba amepatikana wa kumwambia. Akisema ndiyo, usibishane naye, usimhubirie, usimwambie watu wenye shida kuliko yeye wapo. Usimwache peke yake.

Kisha angalia ndani. Nyumba nyingi za wakulima wa korosho zina viuatilifu vya kupulizia vilivyobaki, chini ya kitanda au juu ya dari. Viondoe leoleo, vikae kwa mtu mwingine au stoo ya chama yenye kufuli. Wazo la kufa mara nyingi hupanda kwa saa chache halafu likashuka, na sumu isipokuwa karibu saa hizo zinapita. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali zaidi, vifo vya kujiua vilipungua kwa kiasi kikubwa sana nchi nzima.

Baada ya hapo panda naye bodaboda au daladala mpaka kituo cha afya au hospitali, ukae naye kwenye foleni, uingie naye akikubali. Mueleze mhudumu ulichoambiwa kwa maneno yaleyale. Kesho yake mpitie asubuhi, na keshokutwa pia.